Wikendi ya Maua ya Micheri Washington: Maswali Yenu na Majibu

Maswali ya maua ya micheri, ile miti ya cheri ya Japani, yameanza kumiminika, na mengi yanatoka kwa wanaopanga kwenda wawili, mtu na rafiki yake. Haya ndiyo yaliyojirudia zaidi.

Dada, mimi na shoga yangu tuko Columbus, Ohio. Tunataka kukata tiketi za basi mapema zikiwa bado rahisi. Maua yatachanua lini hasa?

Mwezi mzima kabla, hakuna wa kukutajia tarehe ya kuaminika. Idara ya Hifadhi za Taifa huhesabu kilele kuwa siku ambayo asilimia 70 ya maua ya Yoshino, aina ya micheri iliyotawala kandokando ya Tidal Basin, bwawa la Washington lenye miti hii, yamefunguka. Kwa kawaida huwa wiki ya mwisho ya Machi au ya kwanza ya Aprili, ila mwaka 1990 kilele kilikuja Machi 15, na mwaka 1958 kikachelewa hadi Aprili 18. Joto huyaharakisha maua, baridi huyachelewesha, na mvua ya upepo huweza kuyapukutisha kwa usiku mmoja. Kwa hiyo tafuteni tiketi inayobadilishika tarehe na chumba unachoweza kukifuta bila faini, hata bei ikizidi kidogo. Kisha fuatilieni taarifa za matumba: yakishavimba na kuonyesha weupe, zimebaki kama siku nne hadi sita.

Rafiki yangu Jumamosi hulala hadi saa nne. Nimwambie tutoke saa ngapi?

Mwambie Ijumaa alale mapema, maana hapa silegezi kamba. Mwishoni mwa Machi jua la Washington huchomoza karibu saa moja asubuhi, na mnapaswa kuwa mmeshafika ukingoni kabla ya hapo. Saa hiyo maji mara nyingi yametulia, na ukumbi wa kumbukumbu ya Rais Jefferson unaonekana ndani yake kama kiooni. Anzieni kwenye sanamu ya Martin Luther King, ambayo asubuhi hupata jua usoni, halafu tembeeni taratibu. Sogeeni kwenye mti mzee mmoja mkae nao. Gome lake lina mistari ya mlalo, na pengine mtakuta kishada cha maua kimechomoza moja kwa moja kwenye shina, chini kabisa, hakina hata kijitawi cha kukishika. Ukija saa tano utaona migongo ya watu.

Mzunguko mzima unazidi kilomita tatu kidogo. Vaeni viatu visivyoogopa maji, kwa sababu sehemu za njia zimekuwa zikifurika maji yanapojaa, na mjue pia kwamba ukarabati wa ukuta wa kuzuia maji ulioanza mwaka 2024 ulifunga baadhi ya maeneo. Gari liacheni nyumbani, mshukie kituo cha treni cha Smithsonian.

Mwenzangu kipato chake ni kidogo kuliko changu. Sitaki aone haya, wala sitaki kumlipia kila kitu.

Zungumzeni pesa kabla ya safari, msingoje mhudumu aje na bili. Mji huu utawasaidia: maua ni bure, na makumbusho ya Smithsonian ni bure. Jumba la historia na utamaduni wa Wamarekani Weusi, lililofunguliwa mwaka 2016, nalo ni bure, lakini huhitaji pasi yenye saa maalumu, kwa hiyo ichukueni mapema mtandaoni. Chakula cha mchana tafuteni kwa Wahabeshi: sinia moja la injera linatosha wawili, na hapo hakuna wa kuhesabu nani kala nini.

Naruhusiwa kuchuma kitawi kimoja cha kumbukumbu?

Hapana. Ni kosa kisheria, na kidonda cha tawi huingiza maradhi kwenye mti.

Mwanangu ameniuliza kwa nini miti ya Japani iko Marekani, nikakwama.

Mwambie ni zawadi, tena zawadi iliyokwama mara ya kwanza. Mwaka 1910 ilifika miti 2,000, ikakutwa na wadudu na maradhi, ikachomwa moto. Meya wa Tokyo, Yukio Ozaki, hakukata tamaa: mwaka 1912 ikaja mingine 3,020, na Machi 27 Helen Taft, mke wa rais, akapanda wa kwanza, mke wa balozi wa Japani akapanda wa pili. Desemba 1941, baada ya Japani kushambulia Pearl Harbor, watu walikata miti minne kwa hasira. Sehemu ninayoipenda zaidi ni ya 1981: mafuriko yalipoangamiza micheri huko Japani, wataalamu wa bustani wa kule walikuja Washington kuchukua vipandikizi vya miti hii, wakavirudisha kwao.

Rafiki yangu anatua kutoka Dar katikati ya Aprili. Tumeshachelewa?

Kwa Yoshino, huenda. Mpeleke East Potomac Park akaone micheri ya aina ya Kwanzan, ambayo huchanua kama wiki mbili baadaye. Ua lake ni zito, la waridi iliyokolea, limejaa petali tele, tofauti kabisa na Yoshino lenye petali tano. Watu nao huwa wamepungua. Mtafutie koti mapema. Asubuhi za Aprili zitamshika kweli mtu aliyetoka kwenye joto la Dar.