Re: SADC walienda Kongo kufanya nini hasa?

Mkuu umeuliza SADC, hii jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, walienda Kongo kufanya nini. Kwenye karatasi, kuwasaidia FARDC (jeshi la Kongo) kuwatoa waasi wa M23, waliingia Desemba 2023 wakiwa Wasauzi, Wamalawi na sisi Wabongo, ila Januari 2025 mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, ukaanguka mikononi mwa M23, Sauzi pekee wakapoteza askari 14, na wetu wawili wakafa. Machi mkutano wa SADC ukafuta misheni, basi. Afu cheki walivyotoka, malori yamepita barabara ya Rwanda, nchi hiyohiyo inayotuhumiwa kuwabeba M23, mpaka huku Chato! Wasauzi angalau waziri wao wa ulinzi alibanwa bungeni, sasa sisi wabunge wetu nani alisimama akauliza vijana walipelekwa na silaha gani? Makofi tu mezani.