Jibu: Kwa nini mtoto hawezi kujitekenya mwenyewe

Ndugu, mwanao aliyekuuliza kwa nini anacheka ukimtekenya nyayo ilhali akijitekenya mwenyewe hacheki, mweleze kwamba ubongo unapouamuru mkono wake usogee, sehemu ya nyuma ya ubongo huo, iitwayo serebela, hutabiri mguso utakaofuata na kuupunguza makali. Mkono wako wewe hautabiriki. Mwaka 1999, mwanasayansi wa ubongo Sarah-Jayne Blakemore na wenzake huko London walitumia roboti iliyopitisha sponji kwenye kiganja cha mtu kwa kufuata mwendo wa mkono wake wa pili. Ilipocheleweshwa kwa sehemu ndogo tu ya sekunde, mtekenyo ulizidi, jambo ambalo kwangu ni la ajabu mno. Na akikuomba uache, tafadhali acha, kwani hata asiyefurahia kutekenywa hucheka.