Nyama ya kusaga na viazi: pishi la shangazi yangu wa Tukuyu

Mleta mada ameuliza kwa nini nyama yake ya kusaga hutoka na mabonge, majimaji na shombo, kisha akaomba pishi la nyumbani lisilo na mambo mengi. Namwandikia la kwetu, tulilorithishwa na shangazi yangu wa Tukuyu, ambalo tunalipika hapa Mbeya hasa baridi ya Juni na Julai inapokaza.

Kwa nusu kilo ya nyama tunatumia viazi mviringo 4 vya wastani, vitunguu maji 2, nyanya 3 zilizoiva, punje kadhaa za kitunguu saumu, kipande cha tangawizi na nusu kijiko cha chai cha binzari nyembamba. Buchani omba mnofu wenye mafuta kidogo, nao usagwe ukiwa unaona; nyama iliyosagwa tangu asubuhi ndiyo chanzo kikubwa cha hiyo shombo.

Shangazi hakuanza na mafuta ya moto, kwa kuwa nyama ikigusa sufuria lenye moto hushikana papo hapo na mabonge hayavunjiki tena. Aliiweka kwenye sufuria la baridi pamoja na robo kikombe cha maji, akaivuruga kwa mwiko mpaka ikaachana, kisha akatia tangawizi na kitunguu saumu vilivyotwangwa, ndipo akabandika jikoni. Usifunike. Iache ichemke huku ukikoroga mpaka maji yote yakauke na usikie sauti ikibadilika kutoka kutokota hadi kukaanga, kwa sababu hapo nyama imeanza kukaangika kwa mafuta yake yenyewe na shombo imekwisha kutoka na mvuke. Ndipo utie chumvi, vitunguu na binzari, ukaange mpaka vitunguu viwe vya kahawia.

Sasa tia viazi, sisi hupenda vya milima ya Uporoto huku Mbeya, vilivyokatwa vipande vidogo, na maji ya kuvifikia tu, kisha funika. Nyanya zisubiri. Wengi huzitanguliza halafu wakalalamika kwamba viazi haviivi, kumbe uchachu wa nyanya ndio unaovizuia kulainika. Kwetu jambo hili lina uzito zaidi, kwani katika mwinuko wa takriban mita 1,700 maji huchemka kwenye nyuzi joto zipatazo 94 badala ya 100, hivyo kiazi huchelewa hata bila nyanya.

Kiazi kikichomeka kwa uma bila kukatika, mimina nyanya zilizokunwa na uache wazi mpaka rojo liwe zito. Karoti na hoho si lazima. Viungo vya pakiti, kwa maoni yangu, huua ladha ya binzari. Kwa ugali acha rojo kiasi, ila kwa wali wa Kyela ikaushe zaidi na ukamulie ndimu mezani.