Maswali Yenu kwa Bibi wa Baraza: Raia ana neno gani jaji anapoteuliwa?

SWALI: Shikamoo Bibi. Nafanya kazi ghala la korosho hapa Masasi, na msimu ukiisha napata nafasi ya kusoma. Nimesoma kwamba kule Marekani rais akimteua jaji wa Mahakama ya Juu, maseneta ndio wanaopiga kura akubaliwe au akataliwe, na kabla ya hapo watafiti hupita wakiwauliza wananchi wanamwonaje. Mjomba anasema huo ni mchezo tu, mkulima hana analolijua kuhusu jaji na seneta hana haja ya kumsikiliza. Tumebishana hadi amenuna. Je, maoni ya watu yanabadilisha kura kweli? Na ni haki yabadilishe?
Msomaji, Masasi

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu. Kwanza kamwombe mjomba radhi kwa kelele, maana kwetu huku mjomba ni mzazi. Ukishamaliza, mwambie kwa upole kwamba katika hili wewe una hoja kumshinda.

Yanabadilisha. Mwaka 1991 Rais George H. W. Bush alimteua Clarence Thomas. Profesa wa sheria aliyewahi kufanya kazi chini yake, Anita Hill, akaja mbele ya Kamati ya Sheria ya Seneti, televisheni zikiwaka, akaeleza kwamba bosi wake huyo alikuwa akimsumbua kwa maneno machafu. Thomas akakana yote. Tafiti za maoni za siku zile zilionyesha wengi wanamwamini Thomas, na Wamarekani weusi wengi, hasa wa majimbo ya Kusini, walikuwa upande wake. Maseneta wa Democratic waliotoka huko walizijua kura zinazowaweka madarakani. Tarehe 15 Oktoba Thomas akapita, 52 kwa 48, na kumi na mmoja kati ya waliosema ndiyo walikuwa wa Democratic, chama kilichompinga rais.

Mmoja wa hao kumi na mmoja alikuwa Alan Dixon wa Illinois. Nyumbani kwake wanawake walikasirika. Carol Moseley Braun akachukua fomu dhidi yake, na Machi 1992 akambwaga kwenye kura za maoni za chama chao. Novemba akashinda, akawa mwanamke mweusi wa kwanza kuingia Seneti ya Marekani. Mwambie mjomba: huyo ni mtu mzima aliyepoteza kiti, na kura aliyompigia jaji ilikuwa miongoni mwa sababu kubwa.

Wataalamu wa siasa waliochambua kura za namna hii jimbo kwa jimbo wamekuta jambo hilohilo: mteule akiungwa mkono zaidi katika jimbo la seneta, uwezekano wa seneta huyo kusema ndiyo unapanda. Ila siku hizi chama kinavuta kuliko zamani. Antonin Scalia mwaka 1986 alipita 98 kwa 0, Ruth Bader Ginsburg mwaka 1993 akapita 96 kwa 3. Brett Kavanaugh mwaka 2018 ni 50 kwa 48, na Ketanji Brown Jackson mwaka 2022 ni 53 kwa 47. Seneta wa leo anawasikiliza kwanza wale wanaoweza kumnyima tiketi ya chama. Hapo mjomba ana kipande chake cha ukweli: si kila sauti inafika.

Sasa, je, ni haki? Hapa nasema kwa niliyoyaona. Nimekaa mahakama ya mwanzo kama mshauri, hakimu katikati, sisi washauri wawili pembeni, na katika uamuzi kura zetu zilihesabiwa pamoja na yake. Ilikuja kesi ya mjane aliyenyang'anywa mikorosho na ndugu wa marehemu mumewe. Sokoni kote walikwishahukumu: mwanamke ashindwe, arudi kwao. Usiku watu walinibishia hodi wakiwa na samaki wakavu wa kunilainisha. Niliwarudisha na samaki wao. Mashahidi walikuwa wamemwona yule mama akichimba mashimo na kumwagilia miche kwa mikono yake, na huo ndio ushahidi tuliokuwa nao. Alirudishiwa shamba. Kama ningefuata maoni ya soko, yule mama angekufa njaa na mimi ningekuwa mwizi mwenzao.

Kwa hiyo naamini kwa dhati kwamba raia ana neno kubwa kabla jaji hajakaa kitini, na akishakaa, hana neno ndani ya kesi. Wewe ni mtu wa ghala, unalijua hili: korosho hukaguliwa daraja kabla ya mnada. Hakuna anayefungua magunia melini ili aanze kubishana.

Na neno la raia liwe juu ya yale anayoweza kuyapima. Mteule anawatendeaje walio chini yake? Amewahi kupokea kitu? Anasikiliza hadi mwisho, au anakata maneno ya watu? Mkulima anayapima hayo vizuri sana, maana amesimama mbele ya mahakimu. Asichostahili kuuliza ni "kesi yangu utaiamuaje?" Ginsburg, alipohojiwa mwaka 1993, alikataa kudokeza angeamua vipi mambo yatakayomfikia, na wengi waliomfuata wamefanya vivyo hivyo. Nadhani alifanya vema.

Lipo linalonisumbua, na silifichi. Mwaka mmoja tu baada ya ile kura, tafiti zilionyesha walioelekea kumwamini Anita Hill wamezidi. Thomas alikuwa ameshakaa, na hadi leo yumo, kwa sababu jaji wa mahakama ile hukaa maisha. Kwa kiti cha namna hiyo ningetaka usaili usiharakishwe hata kidogo, watu wapewe muda wa kusikia kabla hawajaulizwa.

SWALI: Bibi, sisi huku mbona wabunge wetu hawawapigii kura majaji?
Mama wa Lindi mjini

JIBU: Kwa sababu Katiba yetu ya 1977 haikuwapa kazi hiyo, mdogo wangu. Majaji wa Mahakama Kuu huteuliwa na Rais baada ya kushauriana na Tume ya Utumishi wa Mahakama, na Jaji Mkuu pia huteuliwa na Rais. Bunge halipigi kura. Lakini kuthibitisha si jambo geni Dodoma: Waziri Mkuu lazima apitishwe na wabunge walio wengi. Novemba 2015 Kassim Majaliwa, wa Ruangwa hapohapo mkoani kwenu, alipita kwa njia hiyo.

Jirani zetu Kenya wanapiga. Katiba yao ya 2010 inataka Jaji Mkuu apendekezwe na tume ya mahakama, Bunge limwidhinishe, ndipo Rais amteue. Mapema mwaka 2011 Rais Kibaki alitaja majina bila kufuata njia hiyo, watu wakapaza sauti, majina yakaondolewa. Ndipo tume ikawahoji waombaji hadharani, na Willy Mutunga akapatikana kuwa Jaji Mkuu.

Mimi sidai tuige kura ya Marekani yenye ushabiki wa vyama. Ninachokitamani ni kidogo zaidi: majina yatangazwe kabla ya uteuzi, na mtu wa Kilwa au Nachingwea mwenye la kusema juu ya mwenendo wa mteule apewe mahali pa kulipeleka na siku za kutosha kufanya hivyo. Mazungumzo ya Katiba mpya bado hayajaisha, mdogo wangu. Mbunge wako akija kwenye mkutano wa hadhara, akimaliza ya barabara na pembejeo, simama umuulize hili, na umwombe akujibu palepale watu wakisikia.