Kuwasimulia watoto msimu wa kwanza wa NHL: kwa ninyi mnaoanza

Ninyi mnaojiunga nasi kuwafundisha watoto wa familia zetu hapa Toronto, mtaulizwa habari za hoki ya barafu mapema sana. Watoto wanaisikia shuleni na kuiona kwenye televisheni, na wazazi wao waliokulia Kigoma au Bukavu hawana la kuwaeleza. Msikimbilie mabingwa wa leo. Anzeni na msimu wa 1917–18, wa kwanza wa NHL, ligi kuu ya hoki ya barafu ya Amerika Kaskazini. Wakati ule sheria zilikuwa bado zinatungwa huku mechi zikichezwa, na mtoto anayeuona msimu huo vizuri huelewa kwamba sheria za mchezo hazikushuka kutoka juu. Zilitungwa na watu, na watu wakazibadilisha.

Ingieni kwa mlango wa golikipa. Msimu ulipoanza, golikipa hakuruhusiwa kujilaza wala kupiga magoti ili kuzuia paki, kile kisahani cheusi cha mpira mgumu. Ilimpasa asimame; akijiangusha makusudi, anaadhibiwa. Clint Benedict wa Ottawa alikuwa akianguka kila mara hatari inapomkaribia, kana kwamba ameteleza, hata wakambandika jina la mtu wa kusali. Mwamuzi atajuaje kama mtu ameteleza kweli, na wote wako juu ya barafu? Tarehe 9 Januari 1918, wiki tatu tu baada ya mechi za kwanza, ligi ikaamua: golikipa na aanguke atakavyo.

Hapo simamisheni somo mcheze. Weka viti viwili, mpe mtoto mmoja kazi ya golikipa, na mpira wa matambara. Raundi ya kwanza, marufuku kuanguka. Raundi ya pili, ruksa. Zoezi hili halijawahi kuniangusha, hata kwa wale wa miaka sita. Wakimaliza waulizeni ipi ilikuwa ya haki zaidi, kisha nyamazeni. Mnapoharakisha jibu mnawanyang'anya sehemu tamu kuliko zote.

Kuzaliwa kwa ligi yenyewe kusimulieni kwa kifupi, lakini kwa ukweli. Wamiliki wa timu walichoshwa na mwenzao wa Toronto, Eddie Livingstone, aliyegombana nao kila siku. Katiba ya ligi yao ya zamani haikuwapa njia rahisi ya kumfukuza. Basi tarehe 26 Novemba 1917 wakakutana katika hoteli ya Windsor, Montreal, wakaunda ligi mpya asiyokuwamo yeye, na Frank Calder akawa rais wake. Ni kama watoto wanaohamia uwanja wa pili na mpira wao ili kumwacha mmoja nyuma. Wasikilizaji wenu watamwonea huruma Livingstone, na wana haki. Msijaribu kuwafanya waanzilishi wawe malaika.

Mechi mbili za kwanza zilichezwa usiku mmoja, 19 Desemba 1917. Wanderers wa Montreal waliifunga Toronto 10 kwa 9, na Canadiens, nao wa Montreal, wakaifunga Ottawa 7 kwa 4. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa bado inapiganwa Ulaya na vijana wengi walikuwa jeshini. Katika ukumbi wa Montreal, askari waliovaa sare walikaribishwa bure, lakini viti vingi vilibaki vitupu. Halafu tarehe 2 Januari ukumbi huo ukateketea. Wanderers, ambao tayari walikuwa na upungufu wa wachezaji, wakajitoa. Canadiens wakahamia ukumbi mdogo zaidi, Jubilee, na ligi ikabaki na timu tatu. Watoto watauliza wachezaji wa Wanderers walikwenda wapi: waligawanywa kwa timu zilizobaki.

Takwimu mtakuwa nazo nyingi. Mimi humpa mtoto moja tu, ya Joe Malone wa Canadiens: magoli 44 katika mechi 20. Usiku ule wa kwanza peke yake alifunga matano. Wenye uwezo wa hesabu wagawanye, wapate zaidi ya mawili kwa kila mechi. Hakuna mchezaji wa NHL aliyefikia wastani huo kwa msimu mzima tangu hapo. Kisha warudisheni kwenye somo la golikipa, kwa sababu mtoto makini atasema mwenyewe kwamba makipa wa siku zile walifungwa mikono na sheria. Sehemu ya ukweli imo humo.

Akiba yenu kubwa ni fainali. Itayarisheni vizuri kuliko yote mengine. Canadiens waliongoza nusu ya kwanza ya msimu na Toronto nusu ya pili; zikakutana mara mbili, na Toronto ikapita kwa jumla ya magoli 10 kwa 7. Kuwania Kombe la Stanley, kombe la ubingwa wa hoki, ikawapokea Vancouver Millionaires, mabingwa wa ligi ya magharibi. Shida ni kwamba ligi hizo mbili hazikucheza kwa sheria moja. Mashariki walikuwa wachezaji sita kila upande, na kumpasia mwenzako aliye mbele yako ilikuwa marufuku. Magharibi walikuwa saba, na pasi ya mbele iliruhusiwa. Wakakubaliana kupokezana: mechi moja kwa sheria za huku, inayofuata kwa sheria za kule.

Andikeni matokeo ubaoni bila maelezo. Toronto 5–3. Vancouver 6–4. Toronto 6–3. Vancouver 8–1. Toronto 2–1. Kisha waambieni mechi ya kwanza, ya tatu na ya tano zilikuwa za sheria za mashariki. Subirini. Mtoto mmoja atapaza sauti kwamba kila timu ilishinda kwa sheria zake, na darasa zima litalipuka: Je, kama mechi ya tano ingekuwa ya sheria za magharibi? Nani bingwa wa kweli? Waacheni wabishane mpaka wachoke. Mimi nimeupenda mchezo huu kwa sababu ya jedwali hilo la mistari mitano.

Wakiomba msimu uliofuata, msiusimulie siku hiyohiyo. Fainali ya 1919 kule Seattle ilisimamishwa na homa kuu ya mafua, hakuna aliyepewa kombe, na Joe Hall wa Canadiens akafariki. Kwa watoto waliofiwa karibuni, na kwetu hapa wapo, zungumzeni kwanza na mama au mlezi.