Viza ya kulipia ukifika, na safari ya peke yako Ngazija

Nikisema nilikwenda Ngazija, kisiwa kikuu cha Komoro, bila kuomba viza mapema, swali linalofuata huwa ni moja: "Kumbe wanakuachia tu?" Hawakuachii tu. Pasipoti, tiketi ya kurudi, mahali pa kulala, fedha za kujikimu: yote ambayo ungeyapeleka ubalozini unayabeba mwenyewe, unayatoa dirishani huku foleni ikikuhemea kisogoni. Na wa kwanza kukudai si afisa wa Moroni, mji mkuu wao. Ni dada wa kaunta ya ndege pale Dar.

Kaunta hiyo ndiyo ya kuiogopa. Shirika la ndege likimbeba abiria asiyetimiza masharti, akakataliwa huko, linalazimika kumrudisha, na nchi nyingi hulipiga faini juu yake. Ndiyo maana wanakukagua kana kwamba wao ndio uhamiaji. Wanaingiza uraia wako na unakokwenda kwenye mfumo uitwao Timatic, wanasoma kilichoandikwa, basi. Kumwambia dada huyo kwamba rafiki yako alipita mwezi jana bila kuulizwa kitu ni kupoteza mate. Mbele yangu alikuwepo kijana mwenye tiketi ya kwenda tu. Alikuwa anamfuata mjomba wake, ya kurudi angekata hukohuko. Aliwekwa pembeni na sanduku lake, simu sikioni, anatafuta ndugu wa kumnunulia tiketi palepale, huku kina mama wa Kikomoro waliokuja kufunga mzigo Kariakoo wakimpita na maboksi yaliyozungushiwa selotepu mpaka hujui ndani kuna nini.

Kwa hiyo chapisha karatasi. Najua kila kitu kiko kwenye simu, lakini ukishuka upande wa pili laini yako inaweza isishike mtandao, na betri ina tabia ya kuisha siku mbaya. Mimi nilikuwa na tiketi ya kurudi, uthibitisho wa hoteli wenye jina na namba ya simu, na nakala ya ukurasa wa picha wa pasipoti. Ukifikia kwa mwenyeji, andika jina lake kamili, mtaa na namba yake. "Nafikia kwa shangazi" haijazi fomu. Pasipoti iwe na zaidi ya miezi sita mbele na kurasa tupu za kutosha.

Kadi ya manjano usiiache. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano huanza kutambulika siku 10 baada ya kuchomwa, kwa hiyo kukimbilia sindano jana yake ni kujisumbua. Na kama una kadi ya zamani iliyoandikwa miaka 10, usichanje tena: tangu Julai 2016 cheti hicho ni cha maisha.

Fedha, beba yuro. Faranga ya Komoro imefungwa kwenye yuro, moja ni kama faranga 492, haipandi wala haishuki, kwa hiyo huna haja ya kuzunguka mjini ukitafuta bei nzuri. Dola zinapokelewa, ila unapunjwa, na zile noti za zamani au zenye alama ya kalamu zitarudishwa. Viza yenyewe nililipa yuro 30, ya siku 45. Uwe nazo kamili, noti ndogondogo. Ukitoa noti ya 100 dirishani usitarajie chenji ya haraka. Mashine za kutolea pesa ni chache na kadi ya benki hoteli nyingi hazina habari nayo, kwa hiyo fedha ya safari nzima inaingia na wewe. Igawe sehemu mbili tatu mwilini na mizigoni.

Sasa, habari ya kusafiri peke yako, hasa ukiwa mwanamke. Utaulizwa "uko na nani?" ukitoka Dar, na utaulizwa tena ukifika Hahaya, uwanja wa ndege wa Ngazija. Usiudhike. Biashara ya kusafirisha mabinti ipo kweli, na swali hilo limewaokoa baadhi yao. Ila jibu lako liwe na mwili. "Naenda kutembea tu" ni jibu baya, linasikika kama mtu asiyejua anakokwenda. Mimi nilisema: mtalii, siku kadhaa Moroni, nataka kuona mji wa kale na mlima Karthala, narudi kazini tarehe fulani, hoteli hii hapa. Afisa akaangalia karatasi, akanitazama, akauliza kwa Kiswahili kizuri kabisa kama Kariakoo bado wanabomoa barabara. Mhuri ukagongwa.

Panga ndege inayofika mchana. Hahaya iko kama kilomita 20 kaskazini ya Moroni, na ni nafuu hoteli ikutumie gari siku ya kwanza. Baada ya hapo panda teksi kama wenyeji: ni za kuchangia, unasimamisha, unataja unakokwenda, na kama si njia yake dereva anaondoka bila maelezo. Hajakutukana. Mavazi ni kama ya Unguja mjini: gauni refu, mtandio begani, na hakuna atakayekuangalia mara mbili. Kiswahili kitakufikisha mbali, maana wengi wamesoma, wametibiwa au wamefanya biashara kwetu. Kikikwama, Kifaransa kidogo kinasaidia.

Julai na Agosti zikwepe, isipokuwa umealikwa. Ndio msimu wa harusi kubwa, Wakomoro wanarudi kutoka Ufaransa, na nauli na vyumba vinapanda pamoja.

Jambo moja usilifanyie mzaha: Mayotte. Kwenye ramani ni kisiwa cha nne cha funguvisiwa hilohilo, lakini kilibaki chini ya Ufaransa visiwa vingine vilipojitawala 1975, na viza yako ya Moroni haikufikishi huko. Atakayekwambia kuna boti ya usiku kutoka kisiwa cha Nzwani, achana naye. Bahari ile imezamisha watu wengi mno.

Visiwa vingine vya Komoro, Nzwani na Mwali, nenda, ila usiweke kurudi Ngazija siku ileile ya ndege yako ya Dar. Boti huahirishwa na bahari, na ndege za ndani nazo zina mambo yao. Jiachie angalau siku mbili Moroni mwishoni. Zitumie pia kumaliza faranga zako, nunua vanila na karafuu. Sijaona duka la kubadilisha fedha Dar linalozipokea.