Kondoo wa Likoni: maziwa kidogo, sufu hakuna

Dada, umeuliza dawa ya unga ya kumwongezea kondoo wako anayenyonyesha mapacha maziwa na sufu. Sufu isahau. Kondoo wetu wa pwani, hawa wa kichwa cheusi, wana nywele tu, na hakuna chakula kitakachobadilisha hilo.

Maziwa ndiyo yanayosaidika. Mpe mashudu ya nazi yaliyochanganywa na pumba za mahindi, gramu 200 hadi 300 kwa siku, lakini anza na konzi moja na uongeze taratibu kwa wiki moja au mbili, la sivyo tumbo litavurugika. Yakinuka au yakiota ukungu, tupa. Kwa unyevu wetu hayakai. Machicha ya jikoni pia yanafaa siku ileile. Majani ya mlusina, ule mti wa malisho, yana protini nyingi, ila yasizidi theluthi moja ya malisho. Maji yasikatike (najua bei ya mtungi Likoni!).

Chumvi ya madini nunua ya kondoo hasa. Ile ya ng'ombe mara nyingi ina shaba nyingi, ambayo hujikusanya kwenye ini la kondoo na kumuua ghafla. Na kiwele kikiwa cha moto au kigumu, mwite daktari wa mifugo.